Kwa nini avio inayokwenda mbali sana inabeba watu kidogo? Uzito, mafuta na bei ya tiketi

Mtu wa Kamina anayekwenda Marekani kuona mtoto wake, mara nyingi anafika kwanza Lubumbashi, halafu anapitia Addis Ababa ama Nairobi, kisha ndiyo anavuka bahari. Njiani anakutana na mambo mawili ya kushangaza. La kwanza: baadhi ya avio za Ethiopian Airlines zinazotoka Addis Ababa kwenda Marekani zimezoea kusimama njiani kuweka mafuta, lakini wakati wa kurudi zinaweza kuja moja kwa moja. Njia ni ileile, avio ni ileile. La pili: kwenye mzani, kilo mbili tu za samaki kavu wa Upemba zilizozidi zinaleta mabishano marefu, na huku avio yenyewe inapita mita 50 kwa urefu!

Mambo hayo mawili yana jibu moja: uzito. Na mzigo mzito kuliko yote ndani ya avio ya safari ndefu si watu, wala si masanduku yao. Ni mafuta.

Mafuta nayo ni mzigo

Tuseme mwenye kinga anapeleka makala kijiji cha mbali. Kama ni safari ya saa mbili, anajaza magunia na kuondoka. Kama ni safari ya siku tatu, lazima abebe bukari yake, maji yake na blanketi. Kila kilo ya chakula chake inachukua nafasi ya kilo ya makala. Tena chakula chenyewe kinamchosha, na akichoka anataka kula zaidi.

Avio iko vilevile. Inachoma mafuta ili kubeba mafuta. Hesabu ya kukadiria wanayotumia watu wa kazi hiyo ni kwamba kila saa avio kubwa inachoma mafuta ya karibu asilimia 3 mpaka 4 ya uzito wowote ulioongezwa. Kwa hiyo, ukiongeza toni moja ya mafuta mwanzoni mwa safari ya saa 15, zaidi ya theluthi moja itakuwa imechomwa kwa sababu tu ya kubeba hiyo toni yenyewe.

Ndiyo maana avio ya mbali hairuki kwa urefu uleule tangu mwanzo. Ikitoka ni nzito, inabaki chini kidogo. Kadiri mafuta yanavyopungua, inakuwa nyepesi, na piloti anapanda hatua kwa hatua mpaka kwenye hewa nyembamba ambako inachoma kidogo zaidi.

Nairobi–New York: hesabu yenyewe

Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Ni umbali wa karibu kilomita 11,800. Kwenda inachukua karibu saa 15, kurudi karibu saa 14. Avio ni Boeing 787-8 yenye viti 234. Wakati safari inaanza, ilielezwa kwamba kila mwendo ungehitaji mafuta ya karibu toni 85, mapiloti wanne na wahudumu 12.

Sasa tufanye hesabu ya sokoni. Uzito mkubwa kabisa ambao avio hiyo inaruhusiwa kuruka nao ni karibu toni 228. Avio yenyewe tupu, pamoja na viti na vifaa vyake, ni karibu toni 120. Zinabaki toni 108. Toa toni 85 za mafuta: zinabaki 23. Abiria mmoja pamoja na mizigo yake anahesabiwa karibu kilo 100. Watu 234 ni toni 23 na zaidi kidogo.

Basi hesabu imekwisha. Viti vikijaa, karibu hakuna nafasi ya mizigo ya biashara. Avio ileile, ikiwa safari yake ni ya saa tano tu, ingebeba watu haohao wote na bado ingeongeza toni nyingi za maua, nyama ama dawa, na mizigo hiyo ingelipia sehemu ya safari. Kwenye safari ya mbali sana, karibu pesa yote lazima itoke kwenye tiketi. Msafiri analipia kiti chake, na analipia pia mzigo ambao haukubebwa.

Kiwanja kilicho juu kinakula mzigo

Bado kuna adui mwingine: hewa. Bawa linahitaji hewa nzito ili libebe avio, na injini inahitaji hewa hiyohiyo ili isukume kwa nguvu. Kila ukipanda karibu mita 1,000, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10. Joto nalo linaifanya iwe nyepesi zaidi. Kwa hiyo kwenye kiwanja cha juu, mchana wa jua kali, avio inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuruka. Pisti isipotosha, dawa ni moja: kupunguza uzito.

Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo hewa yake ina karibu asilimia 80 tu ya uzito wa ile ya pwani. Viwanja vya New York viko karibu usawa wa bahari, na miezi mingi kuna baridi. Hapo ndipo siri ya Addis Ababa inapofunguka. Kutoka Addis, avio haiwezi kuruka na watu wote pamoja na mafuta yote ya kufika Marekani, tena upepo wa juu unaipiga usoni. Inaondoka na mafuta kiasi, inaongeza njiani. Kutoka Marekani, hewa ni nzito, upepo unaisukuma nyuma, inaweza kuja bila kusimama. Ndiyo sababu pia avio nyingi za mbali zinaondoka usiku: jua limeshuka, hewa imepoa.

Wakaaji wa mashariki wanaijua hadithi hii kwa njia nyingine. Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto ndani ya Goma na kufunika sehemu ya pisti ya kiwanja cha ndege. Pisti fupi, juu ya mita 1,500: kwa miaka mingi avio zilizotua hapo zilibidi kuhesabu kila toni.

Kamina nayo imo ndani ya hesabu hii

Base ya Kamina ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na pisti ndefu za kupokea avio nzito. Novemba 1964, wakati mamia ya watu walikuwa mateka mjini Stanleyville, leo Kisangani, Ubelgiji ilituma wanajeshi wake wa miamvuli ndani ya avio za C-130 za Marekani. Zile avio hazikuweza kutoka Ubelgiji mpaka Kongo kwa pigo moja na watu na vifaa vyote. Zilitoka Kleine-Brogel tarehe 17, zikaweka mafuta Morón huko Hispania, zikafika kisiwa cha Ascension katikati ya bahari ya Atlantiki, na kutoka hapo zikaruka zaidi ya kilomita 4,000 mpaka Kamina. Tarehe 24 Novemba alfajiri wanajeshi waliruka juu ya kiwanja cha Stanleyville, karibu kilomita 1,000 kaskazini ya Kamina.

Zilikuwa siku za maumivu kwa Wakongo wengi. Lakini kwa upande wa avio, zinaonyesha wazi kwamba njia inakatwa vipande si kwa kupenda. Kila kipande kinapimwa kwa mafuta.

Injini nne zilishindwa na mbili

Safari ndefu kuliko zote za abiria ni ya Singapore–New York, zaidi ya kilomita 15,000, karibu saa 18. Singapore Airlines iliianza mwaka 2004 na Airbus A340-500 ya injini nne. Ikafika wakati ilibaki na viti 100 tu, vyote vya bei ya juu. Mwaka 2013 ikasimamishwa: mafuta yalikula faida.

Ilirudi Oktoba 2018 na Airbus A350-900ULR, avio ya injini mbili yenye mwili mwepesi. Tangi zake zinabeba karibu lita 165,000. Lakini hata hiyo ina viti 161 tu, na hakuna hata kimoja cha darasa la kawaida. Avio za familia hiyo, kwenye njia fupi zaidi, zinabeba watu 300 na zaidi. Kwa hiyo tekniki mpya imepunguza mafuta, lakini haijafuta sheria: anayekwenda mbali kabisa anaacha watu nyuma.

Je, kusimama ni bora?

Kwa mafuta peke yake, mara nyingi ndiyo. Avio kubwa inatumia mafuta vizuri zaidi kwa kila abiria kwenye safari ya kilomita 4,000 mpaka 6,000 hivi. Ikiwa fupi sana, mafuta mengi yanaishia kwenye kupanda. Ikiwa ndefu sana, yanaishia kwenye kubeba mafuta. Lakini kusimama kuna gharama yake: kodi ya kiwanja, saa mbili zilizopotea, magurudumu na breki zinazochakaa, na abiria wenye haraka wanaohamia kompanyi nyingine. Kwa hiyo njia ya moja kwa moja inauza muda. Anayetaka kulipa kidogo, mara nyingi atapitia mahali.

Katika Haut-Lomami, avio ndogo, hesabu ileile

Mtu asiseme mambo haya ni ya Nairobi na New York peke yake. Cessna Caravan, ile avio ndogo ya injini moja, inachoma karibu kilo 180 za mafuta kwa saa. Kamina–Lubumbashi ni karibu kilomita 420, kwa hiyo mwendo mmoja unataka kama kilo 250. Kama mahali inapotua hakuna mafuta ya avio ya kununua, ama yapo kwa bei kali kwa sababu yamefika kwa treni ama kwa kamio, lazima itoke na mafuta ya kurudia. Kilo 250 nyingine ni sawa na watu watatu ambao hawakupanda. Pesa yao inagawanywa kwenye tiketi za wale waliopanda.

Ndiyo maana pia kwenye avio ndogo watu wenyewe wanapimwa kwenye mzani pamoja na mabegi. Si dharau. Juu ya mita 1,000, mchana wa joto, kilo 100 zilizofichwa zinaweza kumaliza pisti kabla avio haijapanda. Anayempa kijana wa mizigo franka kidogo ili asiandike kilo zote hajamdanganya mwenye kompanyi tu: amemdanganya piloti, ambaye amepiga hesabu yake ya mafuta na ya pisti kwa namba zilizoandikwa kwenye karatasi.

Kwa msafiri, faida ya kujua haya ni rahisi. Apime begi nyumbani kabla ya kuondoka. Aulize kama njia inasimama ama la, na alinganishe bei zote mbili. Na akiambiwa na kompanyi kwamba leo mizigo mingine itafuata kesho, ajue kwamba mara nyingi ni jua, pisti na mafuta vilivyoamua, na kwamba mzigo ulioachwa chini umewafikisha watu salama.