Bihambwe na Michezo ya Mamilioni

Msafiri atokaye Goma, akiipita Sake na kuvipanda vilima vya Mushaki, hufika baada ya kona nyingi na tope jingi penye Bihambwe, kijiji cha Masisi, katika Kivu ya Kaskazini huko Kongo, ambacho kwa mtu wa mbali hakina sifa ila ng'ombe wa malisho, mashamba ya viazi na maharagwe, na ujirani wake na Rubaya. Ujirani huo ndio uliokifanya kitajwe mara kwa mara katika habari za mapigano ya 2023 na 2024, maana mwenye kuishika njia hiyo ameikaribia milima itoayo koltani, madini yazaayo tantalumu, na mwenye kuishika milima hiyo ameshika mali ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameikadiria kuwa zaidi ya asilimia 15 ya tantalumu yote ya dunia. Ni kutoka upande huu wa dunia ningependa tuutazame leo mtihani uliowapata watu wa mbali kabisa, yaani wenye majumba makubwa ya michezo ya video huko Marekani, Japani na Ulaya, ambao kazi yao imefikia mahali ambapo hata mabingwa wake hawathubutu kuitabiria miaka mitano ijayo.

Uhusiano wa pande hizi mbili si wa kubuni. Mchimbaji wa Rubaya, taa kichwani na sululu mkononi, hutoboa mlima kwa njia nyembamba ambayo mvua ikizidi hugeuka kaburi. Mchanga autoao hutiwa katika magunia, ukabebwa mgongoni hadi kwenye maji, na huko, ndani ya mfereji uliochimbwa kwa mikono, watu hukoroga kwa beleshi hata udongo mwepesi uchukuliwe na mkondo na zibaki chini punje nyeusi, nzito kuliko udogo wake unavyodhaniwa. Punje hizo hupita kwa wanunuzi wa kati, zikavuka mipaka, zikayeyushwa na kusafishwa katika viwanda vya ng'ambo hata zikawa unga wa chuma cha tantalumu, na unga huo ukashindiliwa na kuokwa kuwa kitonge kisichozidi punje ya mchele, ambacho ndani yake mna vitundu visivyohesabika. Kitonge hicho ndicho moyo wa kapasita, kifaa kinachoweka akiba ya umeme na kuutoa kwa utulivu. Nacho kimeingia katika simu, katika tarakilishi, katika magari, na katika mashine za kuchezea.

Mwaka 2000 uhusiano huo ulijulikana hata kwa wasiotaka kuujua. Machi ya mwaka huo kampuni ya Sony ilianza kuuza nchini Japani mashine yake ya PlayStation 2, katika majira yale yale ambayo simu za mkononi zilikuwa zikienea kwa kasi, na bei ya tantalumu, iliyokuwa ikihesabiwa kwa makumi ya dola kwa ratili, ikapanda hata kuzipita dola 200 kabla ya mwaka kwisha. Waasi wa RCD-Goma, walioitawala Kivu wakati ule, wakaona neema. Mwezi Novemba wakaiundia biashara hiyo kampuni moja yenye ukiritimba, SOMIGL, ili kodi yake isiwaponyoke. Vijana waliacha majembe na mifugo wakakimbilia mashimoni, na mwaka uliofuata, bei ilipoporomoka, wengi walibaki na mashimo matupu. Tangu hapo wapo waandishi wa Ulaya waliopenda kuviita vita vyetu vita vya PlayStation. Mimi sikubaliani nao kwa ukamilifu, kwa kuwa vita vile vilianza Agosti 1998, kabla mashine hiyo haijazaliwa, na kiu ya tantalumu ilikuwa ya simu na ya walanguzi kuliko ya michezo; walakini mtu hawezi kuwa mnunuzi katika soko la namna ile, hata akiwa mnunuzi mdogo, kisha akadai kuwa hakusikia kelele zake.

Sasa turudi kwa hao wenye majumba. Kwa muda wa miaka ishirini hivi wameamini jambo moja, kwamba mchezo bora ni mchezo mkubwa zaidi na wenye picha zinazokaribia zaidi uhai wenyewe: jasho lionekane shavuni, unyasi upepesuke mmoja mmoja, maji yaakisi mawingu. Kila hatua ya uzuri huo huhitaji watu, na watu huhitaji mishahara kwa miaka mitano au sita kabla senti moja haijarudi. Katika kesi iliyosikilizwa Marekani Juni 2023, nyaraka za Sony zilifichua kwamba mchezo wa The Last of Us Part II ulitumia takriban dola milioni 220, na Horizon Forbidden West milioni 212. Mwisho wa mwaka huo nyaraka zilizoibwa na wadukuzi katika studio ya Insomniac zikaonyesha kuwa Spider-Man 2 iliikaribia milioni 300. Fauka ya hayo, nyaraka za mahakamani za 2024 zilieleza kuwa mchezo mmoja wa mfululizo wa Call of Duty ulimeza zaidi ya dola milioni 700, ukihesabu na kazi iliyoendelea baada ya kuuzwa. Ilhali bei ya nakala moja ilikaa dola 60 kwa takriban miaka kumi na mitano, ikapanda hadi 70 tangu 2020, na wachezaji wengi, hasa vijana, hawataki kuhama Fortnite au Roblox waliyoizoea, wasikotozwa kitu mlangoni.

Hesabu ya namna hiyo haina huruma. Agosti 23, 2024 Sony ilitoa mchezo uitwao Concord, uliotengenezwa kwa miaka mingi. Septemba 6 ikauondoa sokoni na kuwarudishia wanunuzi fedha zao, na mwezi Oktoba studio iliyoutunga ikafungwa. Microsoft iliinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69 Oktoba 2023, na Januari iliyofuata ikawaachisha kazi watu 1,900 wa idara yake ya michezo. Wenye kuihesabu biashara hiyo wanasema waliopoteza kazi duniani mwaka 2023 walizidi 10,000, na mwaka 2024 wakawa wengi zaidi. Wala hao si wavivu wala wajinga. Ni mafundi waliokesha miezi kwa miezi ili tarehe iliyotangazwa na wakubwa isipite, kisha tarehe ilipokwisha pita salama wakapewa barua.

Nayasema haya bila kejeli, japokuwa mtu aliyeko Masisi ana kila ruhusa ya kukejeli. Mwisho wa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, na baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza kuwa ushuru wa koltani uliwapatia si chini ya dola 800,000 kwa mwezi. Mtu akiugawa ule mchezo wa milioni 300 kwa ushuru huo atapata miezi 375, yaani miaka 31 na ushei. Fedha za burudani moja, ambayo kijana wa Marekani huimaliza katika wiki moja ya likizo, zingetosha kulipa kwa muda wa kizazi kizima ushuru ambao kwa ajili yake watu wameuawa na vijiji kuhamwa.

Je, majumba hayo yakipungua, Masisi itapata faraji? Laiti ingekuwa hivyo. Tantalumu ya leo inakwenda aghalabu katika simu, magari, ndege na maghala ya tarakilishi yanayoendesha akili bandia, na mashine za michezo zina fungu dogo katika karamu hiyo. Sheria ya Marekani ya 2010 iliyozitaka kampuni zieleze asili ya madini yao ilikuwa na nia njema, ila Septemba ya mwaka huo huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na wa kuulizwa juu ya njaa ya miezi ile ni mchimbaji, si kampuni. Bwana wa bei amebadilika mara nyingi, na mchimbaji hakualikwa hata mara moja kwenye shauri.

Lakini kuna jambo ambalo wakubwa wa biashara hii wangejifunza kwetu lau wangeuliza, nalo ni namna watu wanavyocheza katika miji iliyo karibu na machimbo. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, ila mafundi wetu hawakuwa na habari ya kuacha. Katika mitaa ya Goma, vijana hukaa kwenye benchi mbele ya runinga, wakalipa kwa mechi, aliyefungwa akampisha anayengoja. Mpira wanaoucheza aghalabu ni wa toleo la zamani, mashine imefunguliwa na kufungwa mara nyingi, padi moja kitufe chake kimekwisha na kila mtu anajua kuukwepa upande ule. Hakuna anayelalamika kwamba jasho la mchezaji halionekani shavuni. Kinachowagombanisha ni nani alimfunga nani, na umeme usikatike kabla ya dakika ya tisini.

Na huko ng'ambo kwenyewe dalili zimeanza kuonekana. Mchezo wa Clair Obscur: Expedition 33, uliotolewa Aprili 2025 na Sandfall Interactive, studio ya Montpellier ambayo kiini chake ni watu kama 30, uliyashinda majumba yenye watu mamia na kutwaa tuzo kubwa ya mwaka. Nao mchezo wa Hollow Knight: Silksong ni kazi ya watu wachache mno kutoka Australia, na siku ulipotoka Septemba 2025 maduka ya mtandaoni yalizidiwa na wanunuzi. Wakati huo huo Grand Theft Auto VI, unaongojwa kama idi, umesogezwa kutoka 2025 hadi Mei 2026, kisha hadi Novemba 2026, na kampuni nyingine zinapanga kalenda zao kwa hofu ya kukutana nao. Mimi naamini ukubwa wa namna ile utabaki kwa wawili watatu wenye hazina ya kuustahimili, na waliosalia watarudi kwenye kazi ndogo ama watafunga milango. Na sioni ni hasara gani atakayoipata mchezaji, ghairi ya ile ya mafundi waliokwisha kufukuzwa.

Mintarafu ya Kivu, katika michezo mikubwa niijuayo sijaona hata mmoja uliomwonyesha mchimbaji wa koltani. Aliyethubutu ni Mwitalia mmoja, Paolo Pedercini, aliyetoa Septemba 2011 mchezo mdogo wa simu uitwao Phone Story, ambao sehemu yake ya kwanza humweka mchezaji kuwasimamia askari wanaowalazimisha watoto kuchimba koltani huko Kongo, ili ajue simu aliyoishika imetoka wapi. Apple iliuondoa dukani kwake muda mfupi tu baada ya kutolewa. Kwa wenye simu za Android uliendelea kupatikana.