Karakana ya Programu za Kompyuta: Kupanga au Kumiliki

Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo kati ya kundi la watungaji wa programu linalopanga karakana ya wengine na kundi linalomiliki karakana yake lenyewe.

Karakana hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ghala, ambamo hutunzwa msimbo asilia, yaani maagizo yaliyoandikwa na watu, pamoja na mijadala kuhusu masahihisho yake. Ya pili ni mtambo wa kuunda, yaani kompyuta inayogeuza msimbo huo kuwa programu iliyo tayari kutumika, kisha ikaijaribu.

Makundi mengi hupanga, kwani ni rahisi na mara nyingi ni bure. Lakini mpangaji hana kauli juu ya nyumba. Google ilifungua ghala la Google Code mwaka 2006, ikalifunga Januari 2016. Mwaka 2019, GitHub, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2018, iliwawekea vizuizi watumiaji waliokuwa Iran na Syria kwa kutii sheria za Marekani. Ni kweli kwamba chombo cha Git, alichokitunga Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mshiriki nakala ya msimbo na historia yake; hata hivyo, mijadala na taarifa za kasoro kwa kawaida hubaki kwa mwenye nyumba.

Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulichagua kumiliki. Ghala lake liitwalo Salsa, lililorithi nafasi ya Alioth mwaka 2018, huendeshwa na watu wa mradi wenyewe, kama ilivyo mitambo yake ya kuunda.

Je, kumiliki kwatosha? La. Desemba 2020 ilibainika kwamba wavamizi walikuwa wamepenya katika uundaji wa programu ya Orion ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, wakaingiza humo maagizo ya siri. Kampuni ilikadiria kwamba wateja wasiofikia 18,000 walipokea matoleo hayo, yakiwa na saini yake halali.

Kwa sababu ya hatari za aina hiyo, tangu mwaka 2013 Debian imekuwa ikishughulikia uundaji unaorudufika: msimbo mmoja, ukiundwa upya katika mitambo tofauti kwa masharti yale yale, hauna budi kuzaa programu zisizotofautiana hata kidogo. Zikitofautiana, uchunguzi waanza.

Mwenye karakana, basi, hubeba gharama za umeme, nakala za akiba na ulinzi. Malipo yake ni uhuru. Lakini uaminifu wa kazi yake huthibitishwa na mitambo ya wengine.