Stima Haipotei, Sisi Ndio Twaipoteza

Wakenya tuna usemi mmoja ambao mimi, kama mwanaisimu, nimeusikia kwa miaka mingi bila kuacha kuutafakari: “Stima imepotea.” Kitenzi potea hakimtaji mtendaji. Chatuambia kwamba kitu hakipo, lakini hakimwonyeshi aliyekiondoa. Kigeuze kiwe poteza, na papo hapo msikilizaji atauliza: ni nani aliyeipoteza? Swali hilo ndilo ningependa tuulizane leo kuhusu majumba ya maduka yanayochipuka kama uyoga katika mji wa Kisii.

Ukiwa juu ya mwinuko wa Nyanchwa, utauona mji huu ukizidi kupanda kwenda juu. Ardhi ya Gusii ni haba na watu ni wengi, hivyo kila mwenye ploti hujenga hadi mpakani, na jirani yake naye akafanya vivyo hivyo. Kuta zikagusana, madirisha yakakosa pa kufunguka. Ndani, kila orofa hugawanywa vijiduka vidogo vidogo, na ukumbi wa katikati ukawa kama handaki. Matokeo yake ni kwamba saa sita mchana, katika mji ulio chini ya nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, jua likiwa utosini, muuzaji wa sare za shule hawezi kutofautisha buluu na nyeusi mpaka awashe taa.

Wengi hudhani kwamba jambo hili latokana na ujinga. La hasha. Latokana na hesabu iliyokaa upogo. Mwenye jumba ndiye aamuaye dirisha liwe wapi na paa liwe la namna gani, lakini si yeye alipaye stima. Mpangaji ndiye anunuaye tokeni, ilhali hana ruhusa ya kutoboa hata ukuta. Anayeweza kuokoa hana sababu ya kuokoa. Mwenye sababu hana uwezo.

Na tuifanye hesabu hiyo. Tuseme kijiduka kimoja kina taa nne ndefu za wati 36, zinazowaka saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni takriban yuniti 45. Vijiduka 60 katika jumba moja vitakula yuniti 2,700 kila mwezi kwa taa peke yake. Badilisha taa hizo kwa zile za LED za wati 18, na nusu ya matumizi hayo itatoweka. Ruhusu mwangaza wa jua upenye kutoka darini, na saa nyingi za mchana hazitahitaji taa kamwe. Bandu bandu huisha gogo. Na gogo linalokwisha hapa ni mtaji wa mfanyabiashara mdogo, ambaye hana budi kuipandisha bei ili aifidie tokeni. Mwishowe anayelipa ni wewe, msomaji, unayenunua sare.

Yamkini mtu atasema: mbona stima yetu ni safi? Ni kweli. Neno stima, ambalo zamani liliitaja meli ya mvuke, limekuja kusadifu maana yake kwa namna ya ajabu, kwa kuwa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, hasa kule Olkaria. Hata hivyo, jua likitua, taifa zima huwasha taa kwa pamoja, na mitambo ya dizeli huitwa kusaidia. Ndiyo maana bili zetu hubeba ada ya mafuta. Maji ya bwawa ambayo hayakutumika bure mchana hubaki yakingoja jioni hiyo. Aidha, mwaka 2023 nchi ilizama gizani mwezi wa Agosti, Novemba na Desemba. Siku kama hizo jumba lenye madirisha huendelea na biashara. Lisilo nayo huunguruma kwa jenereta au hufungwa.

Mifano ya kuiga haiko mbali. Mjini Harare, jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996, lenye maduka na ofisi, lilibuniwa na msanifu Mick Pearce kwa kuiga jinsi kichuguu kinavyopumua; hewa hupita yenyewe, bila mitambo mikubwa ya kupoza. Jijini Nairobi, jumba la maduka la Garden City liliweka mwaka 2015 paneli za jua zenye uwezo wa kilowati 858 juu ya maegesho ya magari, kivuli na umeme vikapatikana kwa pamoja. Kisii haina haja ya mtambo wa kupoza hewa, kwani hali yetu ya nyanda za juu ni baridi ya kutosha. Twahitaji tu kutouzuia upepo na jua ambavyo Mungu ametupa bila mita.

Sheria nayo haikunyamaza. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliagiza kila jengo linalotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka likaguliwe kila baada ya miaka mitatu. Jumba nililolihesabu hapo juu halifiki kiwango hicho kwa taa zake, na majumba mengi ya miji midogo hupenya chini ya wavu huo. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, iwe kubwa au ndogo.

Kwa hiyo jukumu laangukia kaunti, ambazo Katiba ya 2010 imezipa upangaji wa miji na sehemu ya usimamizi wa nishati. Ramani yoyote ya jumba la maduka isiyoonyesha mwangaza na hewa vitaingilia wapi isipigwe muhuri. Kila kijiduka kiwe na mita yake, na taa za kumbi zilipwe na mwenye jumba, ili naye aonje uchungu wa tokeni. Nao wapangaji waungane wadai masharti hayo kabla ya kutia sahihi mkataba wa pango, wala si baada yake.

Siku tutakapothubutu kusema “tumeipoteza stima” badala ya “imepotea”, tutakuwa tumekwisha kumpata wa kumwuliza. Na aulizwaye, aghalabu hujirekebisha.