'Desktopu' ni mashine au ni eneokazi?

Katika saiba za Kibera na Kawangware, kauli hii husikika kila mara: "Nimeiweka kwa desktopu." Msemaji huwa na maana kwamba faili lake, tuseme cheti au barua ya kuomba kazi, limehifadhiwa mahali panapoonekana punde tarakilishi inapowashwa. Papo hapo, mhudumu humwelekeza mteja mwingine: "Kaa kwa desktopu ya tatu." Hapa neno lilo hilo linarejelea mashine nzima inayokaa mezani, kinyume na kipakatalishi.

Sioni kuwa utata huu ni wa kupuuzwa. Tarakilishi ya saiba hutumiwa na watu wengi. Kile ambacho mtu anakiacha usoni pa kioo huweza kuonwa na atakayeketi hapo baada yake, nambari ya kitambulisho ikiwemo.

Desktopu, katika maana ya kinachoonekana kiooni, ni sitiari. Watafiti wa kampuni ya Xerox nchini Marekani, katika miaka ya 1970, walikifananisha kioo na meza ya ofisi yenye karatasi na makabrasha. Macintosh iliisambaza dhana hiyo mwaka wa 1984, nayo Windows ikafuata mwaka wa 1985.

Hata hivyo, mifumo haiitumii sitiari hiyo kwa namna moja. Katika Windows, aikoni hutandazwa juu ya "meza". Katika macOS, programu hupangwa kwenye utepe ulio chini ya kioo. Mtumiaji wa Linux naye ana hiari: KDE hushabihiana na Windows, ilhali GNOME, tangu toleo la 3 la mwaka wa 2011, huuacha uso wa kioo mtupu isipokuwa mtu aongeze programu ya kuonyesha aikoni. Faili lililohifadhiwa huko lipo, ila halionekani hadi kabrasha lake lifunguliwe. Aliyezoea Windows akiambiwa "iko kwa desktopu" atatafuta weee, kisha adai imepotea!

Tafsiri za programu hutumia neno "eneokazi", yaani eneo la kufanyia kazi. Silipendekezi kwa sababu "desktopu" ni neno la kigeni. "Meza" tuliikopa kutoka Kireno na "dirisha" kutoka Kiajemi, na hakuna anayelalamika. Ubora wa "eneokazi" ni kwamba haliwezi kudhaniwa kuwa mashine.

Aidha, "kwa" ya kuonyesha mahali imeshamiri katika mazungumzo ya Nairobi. Katika maandishi, "kwenye" au "katika" hufaa zaidi. Vilevile, "faili" na "eneokazi" huingia katika ngeli ya LI-YA.

Kwa hivyo, mashine na iitwe tarakilishi ya mezani, nacho kinachoonekana kiooni kiitwe eneokazi. Mteja atasema: "Nimelihifadhi faili langu kwenye eneokazi, nitalifuta kabla ya kuondoka." Mhudumu ataelewa ni wapi pa kutazama, na mteja mwenyewe atakumbuka ni nini asichopaswa kukiacha nyuma.