Viza ya Ndoa ya Uingereza: Kweli au Si Kweli?

Usiku mmoja, nyumbani kwa mama Tanga, mdogo wangu alitandika mkeka sebuleni akaumwagia bahasha ya kaki. Zilitoka picha za harusi zaidi ya mia, cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne, na karatasi ya daftari yenye namba ya simu ya kishoka. Kishoka alikuwa ameshamwambia, "Lete picha na hela, mengine niachie mimi." Mumewe, raia wa Uingereza, naye kila jioni alimwambia kwa simu, "Usijali, hayo niachie mimi." Mmoja alitaka pesa na mwingine alikuwa na mapenzi ya kweli, lakini neno lao lilikuwa moja. Kumbe anayehama, anayeacha kazi na ndugu zake, ni yeye, na ndiye aliyekuwa hajui hata kanuni moja.

Usiku ule tulianza kusoma pamoja. Haya ndiyo maneno tuliyokuwa tukiyasikia mtaani, na ukweli wake.

1. "Ukiolewa na Mwingereza, umeshakuwa Mwingereza."

SI KWELI. Ndoa inakupa sifa ya kuomba tu. Ukikubaliwa ukiwa nje ya Uingereza, unapewa miezi 33, kisha unaomba nyongeza ya miezi 30. Ukifikisha miaka mitano kwenye njia hiyo ndipo unapoomba ukaazi wa kudumu, na uraia huja baada ya ukaazi. Kila hatua ina fomu yake na ada yake.

Mtanzania azingatie jambo moja zaidi. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, kwa hiyo anayechukua uraia wa Uingereza hupoteza wa Tanzania. Ukaazi wa kudumu haukuvui uraia. Mkenya wa kuzaliwa yuko huru zaidi, kwa kuwa Katiba ya 2010 inamruhusu kubaki na uraia wake.

2. "Ndoa ya msikitini au ya kimila haitambuliki, lazima mfunge tena bomani."

SI KWELI, mradi imefungwa kwa mujibu wa sheria ya nchi ilikofungwa na mnaweza kuithibitisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali na za kimila. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 nayo inatambua ndoa za kidini na za kimila. Kinachowakwamisha watu ni usajili. Wengi wana karatasi ya shehe au ya padri, lakini ndoa yao haijawahi kufika kwenye daftari la serikali, ambalo kwa Tanzania Bara liko chini ya wakala wa usajili, RITA.

Soma cheti chako herufi kwa herufi. Cha mdogo wangu kilisema "Mwanahawa", pasipoti ikasema "Mwanaawa". Herufi moja tu, lakini kwa ofisa asiyewajua hao ni watu wawili. Alirekebisha mapema. Na hati yoyote iliyo kwa Kiswahili, hata barua ya posa mnayotaka kuionyesha, iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri.

Mliokaa pamoja miaka mingi bila cheti, msitegemee dhana ya ndoa iliyomo kwenye sheria ya 1971. Kanuni za Uingereza zina njia ya wapenzi wasiooana, na mtatakiwa kuonyesha uhusiano unaofanana na ndoa, usiopungua miaka miwili.

3. "Mshahara wangu wa Dar ni mnono, tutapita tu."

SI KWELI. Kanuni inataka kipato cha £29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, kiwango kilichoanza tarehe 11 Aprili 2024. Kuanzia 2012 hadi siku hiyo kilikuwa £18,600. Mshahara unaohesabiwa ni wa mwenza aliye Uingereza. Wako wa Dar, Mombasa au Kampala hauingii kwenye hesabu hata ukiwa mkubwa kuliko wake.

Lakini kodi ya nyumba unayomiliki na kuipangisha inaweza kuhesabiwa. Akiba pia inahesabiwa. Asiye na kipato kabisa anaweza kutumia akiba ya £88,500, iliyokaa mikononi mwenu angalau miezi sita. Ndiyo maana fedha za kuchangiwa na ndugu wiki moja kabla ya kuomba hazisaidii kitu. Naye mwenza anayepokea baadhi ya posho za ulemavu au za kumtunza mgonjwa hafungwi na £29,000. Anatakiwa tu kuonyesha kuwa mtaweza kujikimu.

Aliyeajiriwa na mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi huleta hati za mshahara za miezi sita na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara uleule ukiingia. Mwambie mwenzako akutumie nakala zote, uzisome na wewe. Siyo kumpekua. Jina lililo juu ya ombi ni lako.

4. "Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, sihitaji mtihani."

SI KWELI kwa wengi. Kidato cha nne na cha sita havikusamehi. Mwenye shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kusamehewa, ila lazima apate uthibitisho wa Ecctis, taasisi ya Uingereza inayolinganisha vyeti. Asiye na shahada hufanya mtihani wa kuzungumza na kusikiliza, ngazi ya A1. Ngazi hiyo ni ya chini kabisa. Hatari iko kwenye kuchagua mtihani, kwa sababu unaokubaliwa ni ule ulio kwenye orodha ya serikali yao na uliofanyiwa kwenye kituo kilichoidhinishwa.

Mwombaji kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki hutakiwa pia kupima kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Cheti chake hudumu miezi sita tu. Ukipima mapema mno, unaweza kulipia eksirei mara mbili.

5. "Niende kwanza na viza ya matembezi, mengine tutayamalizia hukohuko."

SI KWELI, na ndoa changa nyingi zimeingia hasara hapa. Aliyeingia kama mgeni haruhusiwi kugeuza viza yake kuwa ya ndoa akiwa ndani ya Uingereza. Atatakiwa kurudi nyumbani na kuomba upya. Viza ya kawaida ya matembezi pia hairuhusu kufunga ndoa huko. Wachumba wanaotaka kuoana Uingereza na kubaki wana viza yao, ya miezi sita, na ndani ya miezi hiyo mchumba haruhusiwi kufanya kazi. Wakishaoana wanaomba ya ndoa bila kuondoka nchini, ila ada inalipwa tena.

6. "Peleka picha nyingi za harusi, ndizo zinazowashawishi."

SI KWELI. Picha mia za siku moja zinathibitisha siku moja. Ofisa anataka kuona kwamba uhusiano wenu una historia na unaendelea. Kanuni inasema wazi kwamba lazima muwe mmewahi kuonana ana kwa ana, kwa hiyo walioozeshwa kwa wakala bila kuonana hawatafika mbali.

Kwenye ule mkeka tulibakisha picha kumi na mbili, kila moja na tarehe yake na maelezo ya waliomo. Tukaongeza tiketi za ndege na mihuri ya pasipoti za safari tatu za mumewe, rekodi za simu za miezi mbalimbali, na miamala ya M-Pesa ya siku mama alipolazwa. Miamala ile ilinigusa kuliko picha zote. Mtu aliyetuma hela ya dawa saa nane za usiku hahitaji kupiga magoti mbele ya kamera.

7. "Kuna mtu ndani, ukimpa kitu inapita."

SI KWELI. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Kituo cha kupokea maombi kinachukua alama za vidole na picha tu, na uamuzi unafanyika Uingereza. Hakuna dirisha ambalo kishoka anaweza kupenyeza bahasha. Anachouza ni woga wako. Akikuwekea hati ya kughushi, hata bila wewe kujua, ombi linaweza kukataliwa kwa jina lako, na doa hilo utaulizwa kila utakapoomba viza tena.

Gharama halali zenyewe zinatosha kuumiza. Aprili 2025 ada ya ombi ilipandishwa hadi £1,938. Ada ya huduma ya afya ni £1,035 kwa mwaka, na kwa miezi 33 inalipwa £3,105. Ukikataliwa, ya afya inarudishwa, ya viza hairudi. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo viangalie kwenye tovuti ile wiki ileile ya kulipa. Kama kesi yenu ni ngumu, lipeni mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa. Huyo ana leseni ya kupoteza.

8. "Mwenye viza ya ndoa anaruhusiwa kufanya kazi."

KWELI, tangu siku anayoingia, kwa kuajiriwa au kujiajiri. Anatibiwa pia kwenye hospitali za umma za NHS. Misaada ya serikali ya kipato na makazi ndiyo asiyoruhusiwa kuomba kwa viza yake. Kwa hiyo ondoka na vyeti vyako vya shule na barua za waajiri wako wa zamani, maana baada ya miezi michache utavihitaji kuliko kanga na viungo.

9. "Mkigombana, anaweza kukurudisha kwenu."

SI KWELI, na hapa naomba usome taratibu. Mwenza hana mamlaka ya kufuta viza yako. Mamlaka hayo ni ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Ni kweli kwamba ndoa ikivunjika kabla ya ukaazi wa kudumu, wizara inapaswa kujulishwa na viza inaweza kufupishwa, isipokuwa upate njia nyingine halali ya kubaki.

Lakini kama ndoa imevunjika kwa sababu ya unyanyasaji, kanuni zinakulinda. Mwenye viza ya mke au mume wa raia anaweza kuomba ukaazi wa kudumu palepale, bila kungoja miaka mitano. Akiwa hana pa kukimbilia, anaweza kuomba ruhusa ya miezi mitatu inayomfungulia misaada ya serikali wakati akiandaa ombi hilo. Ulinzi huu haumfikii mwenye viza ya uchumba. Unyanyasaji nao si kipigo tu. Kumdhibiti mwenzako kwa vitisho na kumtenga na watu ni kosa la jinai England na Wales tangu 2015. Na aliyerudishwa nyumbani "likizo", kisha akatelekezwa na kunyang'anywa pasipoti, tangu Januari 2024 ana njia ya kuomba arudi.

Wako waliovumilia miaka kwa kutishwa na kauli hiyo moja. Mwambie dada yako haya kabla hajapanda ndege.

10. "Ukikataliwa mara moja, umekwisha."

SI KWELI. Barua ya kukataliwa inataja sababu. Aliye nje ya Uingereza kwa kawaida ana siku 28 za kukata rufaa kwa misingi ya haki ya maisha ya familia. Pale kilichokosekana ni hati tu, mara nyingine kuomba upya kunakuwa kwepesi kuliko rufaa. Soma barua kwanza, ulie baadaye.

Mdogo wangu alipata viza yake. Siku hizi viza ya Uingereza ni ya kielektroniki, na akaunti yake hufunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu. Mumewe, kwa nia njema, alitaka kuweka za kwake "ili iwe rahisi". Mdogo wangu akavuta simu, akaandika barua pepe yake mwenyewe na namba yake mwenyewe, akamwambia, "Hili niachie mimi." Wakacheka wote wawili, na akaunti ikafunguliwa kwa jina lake.