Je, Wajua? Ukinunua Nyumba, Umenunua Nini?

Je, wajua kuwa New York mtu anaweza kulipa mabilioni ya shilingi kwa nyumba ghorofani, yenye kibaraza chake cha kuotea jua, na asimiliki hata tofali moja? Majengo mengi ya makazi ya kule yaliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ni ya ushirika. Unachonunua ni hisa za kampuni yenye jengo, nazo zinakupa haki ya kukaa. Bodi ya wakazi inaweza kukukataa hata kama fedha unazo taslimu.

Je, wajua kuwa wahamiaji kutoka Finland walianzisha ushirika wa nyumba Brooklyn, New York, mwaka 1916? Walichangishana, wakajenga, bila kutafuta faida.

Tuje nyumbani Tanzania. Je, wajua kuwa anayetafuta jengo la kale mkoani Katavi hapaswi kuishia Mpanda mjini? Mji huo ulikuzwa zaidi na mgodi wa madini ya risasi na reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, vilivyoshika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Nenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walianzisha kituo chao pale mwaka 1879, na mwaka 1885 kikaenda kwa Mapadre Weupe.

Je, wajua kuwa mwenye nyumba Mpanda naye hamiliki ardhi iliyo chini yake? Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Umiliki usio na ukomo ulioachwa na wakoloni ulifutwa mwaka 1963. Hati ya mjini ni haki ya kutumia ardhi kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hati ipo", usishangilie bado. Mwombe uione, usome tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inafika ukingoni 2031. Ulizia pia kodi ya pango la ardhi, maana deni la miaka mingi linaweza kusababisha hati kufutwa.

Na ile karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa? Ni ushahidi kwamba mmeuziana, basi. Kiwanja chenye hati hakijawa chako mpaka uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Inaniuma sana kuona familia imeuza tumbaku ya msimu mzima, imelipa, halafu ikasimama nusu ya njia kwa kudhani kazi imekwisha.

Je, wajua kuwa kijijini mambo ni tofauti? Huko halmashauri ya kijiji hutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na kwa mwanakijiji inaweza kuwa haina ukomo wa miaka. Ushirika tunaouona New York kwenye ghorofa, Katavi uko msituni: katika wilaya ya Tanganyika, vijiji 8 vinashikilia kwa pamoja msitu wa milima ya Ntakata na kuuza hewa ukaa. Mapato yamejenga madarasa na vituo vya afya. Kwangu mimi, hakuna mali ya pamoja mkoani inayostahili kulindwa kuliko hiyo.

Je, wajua kuwa mwaka 1971 ulileta sheria mbili zilizogusa wenye nyumba? Moja ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ya pili ni Sheria ya Ndoa: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mnunuzi, usitoe hata senti kabla hujamsikia mke au mume wa muuzaji kwa masikio yako.

Je, wajua kuwa asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji? Ndiyo maana mwaka 2014 ulikuwa mkubwa sana katika makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo, mkoani Katavi. Watu waliotoka Burundi mwaka 1972, wakafyeka pori na kujenga, walipata uraia, wao na vizazi vyao. Pamoja na wale wa makazi ya Ulyankulu walikuwa zaidi ya 160,000.

Je, wajua kuwa ghorofa inaweza kugawanywa kwa hati? Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila mwenye sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Ngazi na paa hubaki vya wote.

Je, wajua kuwa tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU? Mpangaji wa Makanyagio, Mpanda, akinunua umeme, anamlipia mwenye nyumba. Tunza meseji za tokeni, mwonyeshe, akukatie kwenye kodi ya pango ya mwezi.