Gazeti Likiuzwa, Nani Huuzwa Nalo?

Asubuhi ya kwanza nilipokwenda kuanza kazi ya uandishi wa habari katika jarida moja la Wahindi hapa Mombasa, nilipita mbele ya Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Nilijiuliza: je, kalamu nayo yaweza kufungwa?

Juma halijaisha, nikapata jawabu. Habari yangu juu ya ujira wa makuli wa Bandari ya Kale iliwekwa kando, kwa kuwa mwajiri wao alikuwa akitupa matangazo.

Wala si jambo geni. Mwaka 1902 Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri mzaliwa wa Karachi, alianzisha mjini humu gazeti la African Standard. Mwaka 1905 aliliuza kwa Wazungu wawili, nalo likaja kuwa msemaji wa walowezi, wale wale walioinyima jamii yake ardhi ya nyanda za juu, kama walivyomnyima Mwafrika.

Basi, mwandishi chipukizi asiulize tu kama mwenye gazeti ni Mhindi, Mzungu au Mwafrika. Aulize: gazeti likiuzwa, msomaji naye atauzwa?